Mafundo yalipofika mgongoni: kisa cha paka mkubwa wa manyoya marefu jijini Mwanza

Kisa hiki ni cha paka dume mmoja, mkubwa, wa manyoya marefu. Tulipofika kumwona alikuwa anatembea kwa hatua fupifupi kwa sababu manyoya ya mapajani yalikuwa yameshikana na ya tumboni. Karibu kila aliyemwona kabla yetu alisema tatizo ni joto la Mwanza, akashauri anyolewe mwili mzima. Hakuna aliyeuliza mafundo yalianzia sehemu gani ya mwili, na jibu la swali hilo ndilo lililotufikisha kwenye ugonjwa wenyewe.

Ninafanya kazi ya usaidizi kwa daktari wa mifugo, na sehemu kubwa ya siku zetu ni ng'ombe, kuku na mbwa. Majina na alama zote zinazoweza kuitambulisha familia zimeondolewa, na wenyewe wameridhia kisa kiandikwe. Paka tutamwita Sultani.

Usuli

Nyumba ina watu saba: baba ambaye kazi humweka safarini mara kwa mara, mama mwajiriwa, bibi mzaa baba, binti mkubwa, wadogo zake wawili, na dada wa kazi. Wanaishi kwenye nyumba ya kupanga upande wa vilima, ukisimama barazani unaliona ziwa. Nyuma ya nyumba kuna miamba, na katikati ya miamba kuna majani ambayo mvua za vuli zikishika hujaa kishona nguo.

Sultani alinunuliwa Dar es Salaam akiwa mdogo, akaja Mwanza familia ilipohamishwa kikazi. Aliuzwa kama Maine Coon. Hati za ukoo hazikuwapo, kwa hiyo sisi tulimchukulia kama paka mwenye umbo la aina hiyo, tukaliacha suala la nasaba pembeni. Maine Coon ni paka wa asili ya jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako baridi ni ya theluji. Mwaka 1985 jimbo hilo lilimtangaza kuwa paka wake rasmi. Dume aliyekomaa huwa na kilo 6 hadi 8, wengine huzidi kidogo, na hukomaa polepole, kati ya miaka 3 na 5. Paka wetu wa mtaani mara nyingi ana kilo 3 au 4. Mtu aliyezoea paka wa kawaida hana kipimo kichwani cha kumwambia kama paka wa namna hii amenenepa au ndivyo alivyo. Hilo litarudi baadaye.

Manyoya yake yana tabaka mbili. Ya juu ni marefu na yana mafuta kidogo, maji huteleza. Ya ndani ni laini na hushikana upesi. Kwa paka yeyote wa namna hii mafundo ya kwanza hutokea pale ngozi inaposuguana: makwapani, nyuma ya masikio, kinenani na nyuma ya mapaja. Hayo ni ya kawaida, na mtu mwenye chanuo la chuma huyamaliza kabla hayajawa shida.

Mwenye chanuo katika nyumba hii alikuwa binti mkubwa. Tangu paka akiwa mdogo alimchana kila jioni, na paka alizoea kulala chali mapajani kwake. Mama alituambia kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwahi kujua kuwa ile ni kazi. Aliiona kama mapenzi ya mtoto kwa mnyama wake.

Wakati wa kisa Sultani alikuwa na umri wa miaka 5 hivi, amehasiwa, na chanjo ya kichaa cha mbwa alikuwa anapata kila mwaka.

Kilichotokea

Julai binti alikwenda kuanza kidato cha tano, shule ya bweni mkoa mwingine. Wakati wa kuaga alikabidhi kazi kwa wote: mtakuwa mnamchana. Chanuo la chuma likapotea ndani ya wiki chache, mama akanunua brashi laini. Watoto walipitisha brashi mgongoni wakati wa kuangalia televisheni, manyoya ya juu yakang'aa, na kila mtu akaamini paka anachanwa.

Mwishoni mwa Agosti lilionekana fundo kwapani. Likakatwa kwa mkasi, bahati njema ngozi haikuguswa. Septemba bibi alisema jambo ambalo halikutiliwa maanani: paka anachagua chakula. Akipewa dagaa wa kuchemsha anakunywa mchuzi na kuwaacha dagaa wenyewe, au anaokota mmoja, anainamisha kichwa upande, anamwangusha. Nyumbani ikachukuliwa kuwa ni deko. Wakaanza kumpikia samaki laini na maini, na kumwongezea ugali uliolowekwa mchuzi ili ashibe.

Oktoba mafundo yalionekana sehemu mpya: juu ya kiuno, pande zote za shina la mkia, pamoja na mba nyingi. Vuli iliposhika Sultani alikuwa anarudi kutoka miambani na mbegu za kishona nguo zimemjaa tumboni, na kila mbegu ikawa mwanzo wa fundo.

Hapo ushauri ukaanza kumiminika. Jirani alisema aogeshwe. Wakamwogesha kwa sabuni ya unga, wakamwacha akauke juani. Maji huyafanya manyoya yaliyosokotana yajikaze zaidi yanapokauka, na mafundo yaliyokuwa laini, ambayo vidole vingeweza kuyatenganisha, yakawa magumu. Siku chache baadaye aliitwa kinyozi na mashine yake ya nywele za watu. Ilikwama kwenye fundo la kwanza, ikapata moto, paka akapiga kelele na kumparua dada wa kazi mkononi, na paka mwenyewe akabaki na mchano ubavuni. Kuanzia siku hiyo hakukubali kuguswa nyuma ya mabega.

Mwisho, mtu wa nyumbani alikwenda duka la dawa za mifugo akaeleza kuwa paka ana mba na anajikuna. Akauziwa chupa ndogo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, na maelekezo ya mdomo: changanya kifuniko kimoja kwenye ndoo. Mama alisita, akampigia daktari simu kabla ya kuichanganya. Tulipofika chupa ilikuwa mezani bado imefungwa.

Uchunguzi

Bibi ndiye aliyetupokea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kumnyoa?"

"Nimekuja kumtazama kwanza, bibi. Anakula?"

"Anakula mchuzi. Nimewaambia, hawanisikii."

Sentensi hiyo ya bibi ilikuwa na uzito kuliko yote tuliyosimuliwa baadaye.

Tulimpima kwa mizani ya bafuni: mama alisimama amembeba, kisha akasimama peke yake, tukatoa. Kilo 9.2. Kwa mfupa wake, daktari alikadiria anapaswa kuwa na kilo 7 na kitu. Mbavu hazikupatikana kwa vidole bila kubonyeza, na manyoya ndiyo yaliyoficha unene huo kwa muda mrefu. Joto la mwili lilikuwa nyuzi 39.4, juu kidogo ya kawaida ya paka ambayo ni 38 hadi 39.2. Moyo ulisikilizwa kwa muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu aina hii ina ugonjwa wa kurithi wa kunenepa misuli ya moyo, na kwa baadhi yao unatokana na hitilafu ya jeni inayojulikana. Hakukuwa na mlio wa ajabu. Daktari aliwaambia waziwazi kwamba kutosikia mlio hakumaanishi ugonjwa haupo.

Kisha mdomo. Sultani alikuwa tayari kushikwa kichwa, alichokataa ni mgongo. Daktari aliinua mdomo wa juu upande wa kulia kwa kidole gumba, na harufu ikatoka kabla hatujaona chochote. Jino kubwa la kusagia lilikuwa limefunikwa na ukoga mgumu, wa kahawia, na fizi juu yake ilikuwa nyekundu, imerudi nyuma hadi mzizi ukaonekana. Kidole kilipokaribia tu, taya lilianza kutetemeka. Upande wa kushoto ukoga ulikuwepo lakini fizi ilikuwa na afya kiasi.

Picha ikaungana. Paka hujisafisha kwa ulimi, na kila siku hutumia saa nyingi kwa kazi hiyo. Anayeumwa jino hupunguza kujilamba kwa sababu kila mvuto wa ulimi unamuuma. Aliyenenepa hafiki kiunoni hata akitaka. Paka mwenye mafundo makwapani pekee anahitaji kuchanwa. Mwenye mafundo kiunoni na kwenye shina la mkia anahitaji kupimwa, kwa sababu hiyo ni sehemu ambayo paka mwenye afya huifikia na kuisafisha mwenyewe. Meno, uzito, nyonga na uti wa mgongo ndivyo vya kutazama kwanza. Nyonga za Sultani zilikunjwa na kunyooshwa bila malalamiko makubwa. Maine Coon wana historia ya ulegevu wa nyonga, kwa hiyo hatukuruka hatua hiyo.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilihusu chupa. Lebo ilisomeka sipamethrini. Dawa za kundi hilo, pamoja na permethrini iliyomo kwenye dawa nyingi za viroboto vya mbwa, hazimdhuru ng'ombe wala mbwa zikitumiwa sawasawa, lakini ini la paka haliwezi kuzivunja kwa kasi inayotakiwa. Paka aliyemwagiwa huanza kutetemeka, kisha degedege, na anaweza kufa. Manyoya marefu yangeishikilia dawa mwilini kwa muda mrefu, na Sultani alikuwa na mchano ubavuni. Chupa iliondolewa nyumbani siku hiyohiyo. Kama dawa imeshamwagwa mwilini, paka aoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, afungwe taulo asipate baridi, apelekwe kwa daktari mara moja. Kungoja aanze kutetemeka ni kuchelewa.

La pili: tusubiri au tusisubiri. Familia ilitaka kungoja Desemba binti arudi likizo, kwa hoja kwamba paka atamkubali yeye. Hoja ilikuwa ya huruma na nilielewa ilikotoka. Lakini chini ya mkia, kwenye fundo lililolowa kinyesi, daktari aliona vijiyai vyeupe vya inzi. Msimu wa mvua, kidonda kikiwa chini ya fundo, funza huingia kwa siku chache. Kungoja kulikuwa nje ya mjadala.

La tatu: dawa ya usingizi mara moja, kwa kazi zote mbili. Kumnyoa akiwa macho kungeuma na kungevunja imani iliyobaki. Kumlaza mara mbili, mara ya manyoya na mara ya jino, kungekuwa kuchezea moyo ambao hatukuwa na ultrasaundi ya kuupima. Daktari aliwaeleza hatari ilivyo, baba akahojiwa kwa simu, wakakubali. Baba aliuliza kama wakati wa kusubiri anaweza kupewa nusu kidonge cha parasetamo kwa maumivu. Hapana, kabisa: kidonge kimoja tu kinaweza kumuua paka.

La nne ndilo lililozua ubishi. Mama na bibi walitaka anyolewe wote, "apate hewa". Daktari alikataa, akakubali kunyoa palipofungamana tu: tumbo, makwapa, nyuma ya mapaja, kiuno na shina la mkia. Mgongo wa juu, shingo na mkia viachwe. Sababu moja ni jua. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa Ikweta, na ngozi ya paka iliyonyolewa huungua; Sultani anapenda kulala juu ya mwamba asubuhi. Sababu nyingine ni kwamba manyoya yaliyochanwa vizuri huzuia joto la nje lisifike kwenye ngozi, na hewa hupita kati yake. Linalozuia hewa ni fundo.

Siku ya kliniki

Alifika asubuhi akiwa hajala tangu usiku, maji aliruhusiwa. Mashine iliyotumika ilikuwa ya kunyolea wanyama, yenye wembe wa namba 10, ambao haukati karibu sana na ngozi. Mkasi haukutumika hata mara moja. Ngozi ya paka ni nyembamba na hupanda ndani ya fundo, kwa hiyo mtu anayedhani anakata manyoya anaweza kukata ngozi akashtukia kidonda cha kushonwa.

Kazi hii ni ya subira. Mkono wa kushoto huvuta ngozi iwe tambarare, mashine hulala bapa chini ya fundo na kusukumwa kidogokidogo, na kila baada ya dakika chache wembe hugusishwa kwenye kifundo cha mkono wako. Ukiwa wa moto kwako, unamuunguza. Fundo la kiunoni lilitoka zima kama kipande cha mkeka, na upande wake wa ndani ulikuwa na mbegu za kishona nguo zimelala kwa mistari. Mbili zilikuwa zimechoma ngozi. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, ina unyevu, ina harufu ya chachu. Tumboni kulikuwa na michubuko mahali ambapo manyoya yalivuta ngozi kila paka alipopiga hatua. Vijiyai vya inzi viliondoka na manyoya, na funza hakukuwa.

Jino la kulia lilitolewa na meno mengine yakasafishwa. La kushoto lililokuwa na ukoga liliachwa, kwa sababu fizi yake ilishika na hakukuwa na mashine ya eksirei ya meno ya paka ya kuonyesha mzizi.

Wengi hushangaa nikiwaambia kwamba hofu yetu kubwa siku ile ilikuwa baridi. Paka aliyelazwa hawezi kulinda joto la mwili wake, na huyu alikuwa ameondolewa manyoya ya tumbo. Alizungushiwa khanga na blanketi, pembeni chupa za maji ya uvuguvugu zilizofungwa taulo, na feni ikazimwa. Aliamka mchana, akashinda kwa uangalizi, jioni akarudi nyumbani na dawa ya maumivu inayofaa paka na antibayotiki.

Matokeo

Alilamba mchuzi wa kuku usiku uleule. Ngozi ilikauka ndani ya wiki mbili. Kabla mwezi haujaisha mama alituma video fupi: Sultani amekaa barazani, mguu mmoja juu, anajilamba pajani. Kwangu hicho ndicho kipimo kilichothibitisha ugonjwa, kuliko maneno yote ya kliniki.

Baada ya miezi 6 alikuwa na kilo 7.9. Manyoya ya kiunoni yalirudi, mafupi na laini kuliko ya awali, na yanashikana upesi. Ya tumboni familia imeamua yawe yanapunguzwa kila yanaporefuka, na hilo linafaa kabisa kwa paka anayetembea miambani.

Hayakwenda yote vizuri. Jino la kushoto lilianza kusumbua miezi kadhaa baadaye, likatolewa kwa kulazwa tena, pamoja na gharama yake. Kwa vifaa vilivyokuwapo uamuzi wa kuliacha ulikuwa na msingi: kung'oa jino lenye fizi inayoshika ni kidonda kikubwa, na daktari aling'oa lile lililokuwa na ushahidi. Eksirei ingeamua jambo hilo siku ya kwanza. Na kuhusu kushikwa miguu ya nyuma, Sultani hajarudi alivyokuwa. Hofu ya ile mashine ya kinyozi bado inaonekana. Ukiwasha kitu chochote chenye mvumo anajificha chini ya kabati.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kusoma mahali pa fundo. Hakihitaji kifaa wala fedha. Mwenye paka wa manyoya marefu apitishe vidole kila wiki kwenye kiuno na shina la mkia, na akikuta pameanza kushikana wakati makwapa yakiwa safi, atazame mdomo na apime uzito kabla ya kutafuta mashine. Katika kisa hiki dalili za mdomo zilionekana mwezi mzima kabla ya mafundo ya kiunoni. Bibi aliziona na kuzisema. Mimi sasa nikiingia nyumba yoyote kwa ajili ya paka, namwuliza kwanza yule anayepakua chakula, kwa sababu ndiye anayejua kipi kimebaki kwenye sahani.

Joto. Nalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo linaloharibu maamuzi mengi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto la Mwanza halifanani na la Dar es Salaam: usiku hupoa, na upepo wa ziwani hupanda vilimani mchana. Paka mwenye manyoya marefu yaliyochanwa, mwenye kivuli, maji na sakafu ya saruji, anaishi hapa bila shida. Kinachomwumiza ni kufungiwa jikoni chini ya bati saa 8 mchana, madirisha yamefungwa kwa sababu ya wale wadudu wa ziwani wanaopanda kwa makundi karibu na mwezi mwandamo. Paka hutoa jasho kwenye nyayo tu. Njia yake kubwa ya kujipoza ni kulamba manyoya ili mate yakikauka yaondoe joto. Sultani alikuwa anahema kwa mdomo wazi baadhi ya mchana wa Oktoba, na familia ikasema manyoya yamezidi. Alikuwa mnene, amefungamana, na hawezi kujilamba. Na ieleweke kwamba paka anayehema kwa mdomo wazi hajifanyi mbwa. Hiyo ni dharura, awekwe penye hewa, aloweshwe kwa maji ya kawaida yasiyo ya barafu, aonwe na daktari.

Kuhusu kuoga: paka huyu huchanwa kwanza hadi chanuo lifike kwenye ngozi, ndipo aogeshwe kama kuna haja, na haja ni nadra. Sabuni ya unga na sabuni za dawa za kuua vijidudu ziache kabisa, kwa sababu atazilamba.

Chakula kilikuwa kimeharibika kwa nia njema. Nyumba iliyo karibu na Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, haina sababu ya kumlisha paka vibaya, lakini ugali ulikuwa umechukua nusu ya sahani, na hiyo ndiyo iliyomnenepesha. Paka anahitaji taurini, kirutubisho ambacho mwili wake hautengenezi cha kutosha. Iko kwenye nyama, moyo na samaki, na kwenye ugali haipo. Taurini huyeyuka kwenye maji ya kuchemshia, kwa hiyo mchuzi wa bibi ulikuwa na faida, mradi utengwe kabla ya chumvi na kitunguu kuingia. Kitunguu na kitunguu saumu huharibu damu ya paka. Dagaa wa kuanika mchangani waoshwe mara kadhaa, wachemshwe. Samaki wabichi asipewe kama chakula cha kila siku, kwani baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na kupika ndiko hukivunja. Sangara apewe mnofu. Mapanki, yaani mabaki ya sangara baada ya mnofu kutolewa, ni rahisi lakini mifupa yake mikubwa haikumfaa paka mwenye kidonda cha jino. Tuliondoa ugali polepole, tukaweka vipimo kwa kikombe, na tulisisitiza asinyimwe chakula ili apungue haraka. Paka mnene akikaa siku 2 au 3 bila kula, mafuta hujaa kwenye ini na anaweza kufa. Kupungua kwake kulichukua miezi, na ndivyo ilivyotakiwa.

Jambo dogo lililosaidia kuliko nilivyotarajia ni choo. Beseni lilikuwa linajazwa maranda kutoka kwa fundi seremala, nayo yalinasa kwenye manyoya ya mapaja kila alipochutama. Yalibadilishwa kwa mchanga mkavu wa chembe kubwa, uliochekechwa.

Mkono wa nani

Hapa ndipo naona kiini cha kisa. Kazi ya kumchana ilikuwa na mwenyewe kwa miaka, mwenyewe akaondoka, ikaachiwa watu sita kwa pamoja. Hakuna aliyezembea. Kila mmoja alimpitishia brashi alipomkuta. Lakini brashi laini hupita juu ya tabaka la nje, na fundo hujifunga kwenye ngozi, chini kabisa. Anayechana lazima agawanye manyoya mstari kwa mstari, aweke kiganja juu ya sehemu aliyokwisha kuimaliza, na chanuo la chuma lenye meno ya nafasi liguse ngozi. Likikwama, unashika manyoya kwenye shina ili mvuto usimfikie, unanyunyizia wanga kidogo wa mahindi, unafungua fundo kutoka nchani kuelekea ngozini.

Familia ilipendekeza kazi apewe dada wa kazi. Ndiye paka aliyemkubali, hata baada ya kumparua. Nilimwomba mama tuketi naye kwanza, kwa kuwa mazungumzo yote yalikuwa yanafanyika juu yake na yeye amesimama mlangoni.

"Dada, wewe unaonaje?"

"Naweza, ila saa ya jioni ndiyo saa ya kupika. Nikimchana chakula kinachelewa, na lawama ni zangu."

Alikuwa amesema kweli. Ikaamuliwa kwamba kumchana ni kazi kamili yenye muda wake, iongezwe kwenye malipo, na iwe baada ya chakula, taarifa ya habari ya saa 2 usiku inapoanza. Siku moja tumbo na makwapa, siku inayofuata kiuno na mapaja, shingo na mkia mwishoni mwa wiki. Mtoto wa darasa la sita anashika kichwa na kumpa vipande vya mnofu. Wakati wa mvua anaporudi nje, mbegu za kishona nguo hutolewa mlangoni kabla hajaingia ndani. Majani yaliyo karibu na ukuta yamefyekwa, ya miambani hayawezekani.

Mpango huu umeshika kwa mwaka mzima, ukiacha wiki mbili za msiba ambapo nyumba ilijaa wageni na mafundo mawili yakarudi makwapani. Dada anatarajia kwenda kusomea ushonaji mwakani. Mtoto wa darasa la sita ameanza kufundishwa kiuno, sehemu ambayo Sultani bado anaibania, na mama amejiandikia siku zake mwenyewe kwa kipindi cha mitihani.